Freni za Landrova na Jina la Bauma

Jumatano, 9 Julai

Bido sita za maziwa leo, madumu yaliyojaa. Nimezipakia mwenyewe huku Gaspar, shemeji yangu, amesimama pembeni, mikono mfukoni. Hodari wa kushauri tu. Ile ya kushoto haijakaa sawa, anasema. Ameiona, lakini haiinui.

Pedali ya freni imezama tena. Nimeikanyaga mara tatu ndipo ikashika. Wiki iliyopita ilikuwa mara mbili. Chini yake, kwenye sakafu ya gari, pana unyevu. Nimegusa, nimenusa. Si maji wala maziwa. Ni huile, mafuta ya freni.

Nimeteremka Sake kwa gia ya kwanza, polepole mpaka watu wa pikipiki wakanicheka. Wacheke. Kutoka Mushaki hadi Sake ni mteremko na kona, na Landrova hii ni ya zamani, njia ya huile ni moja tu kwa magurudumu yote manne. Pompi ya freni ikifa, hakuna gurudumu linalobaki na freni. Marehemu mume wangu aliniimbia hilo miaka yote ya ndoa yetu. Na ndilo gari pekee linaloteremsha maziwa ya familia zetu za huku juu.

Nimemtumia ujumbe Papa Bauma, fundi.

Alhamisi, 10 Julai

Bauma amekuja saa tatu. Mtu mfupi, wa makamo, mikono mikubwa kuliko mwili. Ukoo wake unalima mlima wa pili tangu enzi za babu zao. Sisi ni watu wa ng'ombe. Gereji yake iko njia panda na pande zote mbili tunapeleka vyuma vyetu pale, maana hakuna nyingine.

Amelala chini ya gari, akatoka na vumbi hadi kwenye nyusi. "Mwalimu, pompi njo iko na shida. Zile kupele za ndani zimekwisha kufa." Kupele ni vikombe vidogo vya mpira vinavyosukuma huile ndani ya pompi. Vikichakaa, huile inapita pembeni, pedali inazama. Nilifundisha sayansi hadi nikastaafu, kwangu hilo halikuhitaji maelezo marefu. Ameeleza marefu hata hivyo.

Anataka kuchukua pompi, akaifungulie gereji kwake. Nimekataa. Itafunguliwa hapa uani, mbele ya macho yangu. Amenitazama kidogo, akasema hakuna shida.

Simwamini. Hajawahi kunidanganya. Yote mawili ni kweli, na sioni aibu kuyaandika, hapa hasomi mtu.

Ila mwezi wa tano ng'ombe wetu waliingia katika maharagwe ya kaka yake. Tulikwenda kuomba msamaha, tukakaa, wakasema yameisha. Namna walivyosema yameisha sikuipenda.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima ya pompi. Nimetoa nje meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari ya wanafunzi, nikaitandika gunia safi. Bauma amefungua bolti mbili za pompi, ameufungua mrija, amemwaga kilichomo. Huile imetoka nyeusi. Kisha akasukuma pistoni kwa kijiti, akatoa pete ya chuma inayofunga mdomo, na vya ndani vikatoka kimoja kimoja: pistoni, kupele, springi. Kupele moja ukingo wake umetafunika kama umeliwa na panya.

Nimeandika kila kifaa kwenye karatasi, kwa mpangilio kilivyotoka. Nimeandika huku ananiona. Nilitaka anione.

Ndani ya pompi palikuwa na kutu kidogo. Ameviringisha msasa laini kwenye kijiti, akapasugua polepole, akasafisha, akasugua tena. Amenipa nichungulie kwenye mwanga wa jua. Pamekuwa safi, panang'aa. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Anafanya kazi vizuri. Hilo nalo limeniudhi, sijui kwa nini.

Gaspar amepita jioni. Amesema ninamkabidhi mtu wa mashamba roho yangu. Nikamwambia aende zake. Amekwenda, lakini neno amelibakiza hapa.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Bauma alikuwa benchi la tatu na mke wake, Mama Neema. Kaka yake, yule wa maharagwe, alikuwa nyuma yao. Waliinamiana wakaongea, kisha wote wawili wakageuka kunitazama.

Huenda walikuwa wanatazama saa ukutani. Iko juu ya kichwa changu.

Jumanne, 15 Julai

Kupele mpya zimefika kutoka Goma, pamoja na chupa ya huile ya freni. Bauma amezileta asubuhi ndani ya kifuko. Kupele za pompi, na nyingine tatu za magurudumu alizozinunua za ziada, akisema siku moja zitahitajika. Chupa imefunguliwa. Kifuniko kimekatwa pete yake.

Nimeuliza. Amesema alifungua dukani kunusa kama ni yenyewe, maana siku hizi wanajaza takataka ndani ya chupa nzuri. Jibu zuri. Ndilo hasa jibu ambalo ningelitoa mimi kama ningekuwa nimejaza takataka.

Hatujaanza kazi ikasikika kelele ya kilio mlima wa pili. Mzee mmoja wa kwao amefariki. Kwa kilio hakuna anayebaki na kazi mkononi, wanaume wote wanakwenda kuchimba kaburi. Bauma amenawa mikono papo hapo. Akiwa tayari mlangoni akageuka: "Mwalimu, kama unataka kusaidia, lowesha tu kupele ndani ya huile ya freni. Usitie kitu ingine." Akaenda.

Nimebaki na meza, pompi tupu, kupele mpya na ile chupa iliyofunguliwa.

Nilikaa muda mrefu nikiitazama. Nani anajua kilichomo? Nikaamua: hiyo chupa haitagusa gari langu. Kesho nitaagiza nyingine yangu Sake, iliyofungwa. Ila kupele haziingii kavu, hata mimi najua. Zitakwama, zitachanika. Basi nimekwenda jikoni kwa mama mkwe nikachota mafuta ya ng'ombe, yale anayoyasukasuka mwenyewe kwenye kibuyu. Hayo ndiyo tunayowapaka watoto wachanga. Ndiyo tunayopaka kamba za ngozi, bawaba za lango, kidonda cha ndama. Hakuna kitu katika nyumba hii kisichowahi kupakwa mafuta hayo, na hakuna kilichowahi kuharibika. Najua ng'ombe aliyeyatoa kwa jina.

Nimepaka kupele vizuri, bila ubahili. Nimejaza na ndani ya pompi kidogo. Nikafuata karatasi yangu kinyumenyume: springi, kupele, pistoni, pete. Kila kitu kimeteleza na kukaa mahali pake. Nimejisikia kama msichana.

Jumatano, 16 Julai

Bauma amerudi na udongo wa kaburi bado kwenye viatu. Amekuta pompi imefungwa. Amesukuma pistoni kwa kijiti, ikarudi yenyewe, akasukuma tena. "Umelowesha namna nilisema?"

Nimesema ndiyo.

Ni uongo. Sikuona haja ya kumweleza mambo ya jikoni kwangu.

Amerudisha pompi garini. Nimempa chupa yangu, iliyofungwa, niliyoiagiza Sake asubuhi. Ameitazama, ametazama ya kwake pale mezani, akaifungua. Tumetoa hewa kwenye mirija, mimi nikikanyaga pedali, yeye akifungua na kufunga kwenye magurudumu, moja baada ya jingine. Kanyaga. Shikilia. Acha. Saa nzima ya maneno hayo matatu. Chupa yangu haikutosha, mwisho amejazia kidogo kutoka ya kwake. Nimemwona. Nikaendelea kukanyaga.

Pedali imekuwa ngumu na ya juu, kama gari jipya. Amecheka. Mimi nimejikuta nacheka pia.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tuliondoka saa moja na bido zote sita, Gaspar pembeni yangu. Tangu Mushaki Landrova ilikuwa nzito, kama inavutwa nyuma. Nilidhani ni mzigo. Kwenye kona ya pili nikasikia harufu ya kuungua. Moshi ulitoka gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Freni zilikuwa zimejishika zenyewe bila mimi kukanyaga. Kisha, kwenye kona ya tatu, pale penye mteremko mkali zaidi, nikakanyaga na pedali ikaenda hadi chini. Tupu. Nikakanyaga tena. Tupu.

Nikavuta freni ya mkono, nikarudisha gia, Gaspar akipiga kelele jina la mama yake. Niliona lori linapanda. Nikageuza usukani kwenye ukingo wa juu. Tumegonga udongo, tumeingia kwenye viazi vya watu.

Gaspar amepasuka paji la uso. Mimi nina kifua kinachouma. Bido nne zimemwagika. Waliotoka mashambani kutusaidia walikuwa watu wa mashamba, wametuvuta vizuri, wametupa maji ya kunywa. Sikuweza kuwatazama. Nilikuwa najiuliza nani kati yao alijua.

Freni hizo zilikuwa na siku tatu. Mtu ameshika pompi hiyo, siku tatu baadaye nakaribia kufa. Sihitaji kuhesabu sana.

Jumapili, 20 Julai

Nimesema. Mbele ya watu wote.

Wakati wa matangazo nilisimama. Gaspar alisimama pia, bendeji kichwani, kama ushahidi. Nimesema Papa Bauma ameniwekea kupele mbovu na huile chafu, chupa imefunguliwa, na karibu atuue. Nimesema watu wajihadhari wanapompa vyombo vyao. Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani.

Bauma alisimama. Kofia mkononi. "Mwalimu, sikukutilia kitu mubaya. Mungu anajua." Akakaa.

Ndiyo hayo tu. Nilitegemea agombe. Mtu asiye na kosa anagomba. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumanne, 22 Julai

Gereji ya njia panda leo haikuwa na pikipiki hata moja. Nimepita kwa miguu, nimeona. Bauma alikuwa amekaa kwenye tairi, anafuta spana ile ile.

Huku kwetu wanawake wa mashamba hawakuja kununua maziwa. Kila Jumanne huja na vibuyu vyao hadi langoni. Leo lango lilikuwa tupu. Mama mkwe ameuliza mara mbili kama nimelifunga.

Vijana wa pande zote wamekaa njia panda katika makundi mawili. Zamani lilikuwa moja. Haki ina gharama yake, nimejiambia.

Jumatano, 23 Julai

Landrova imevutwa hadi uani na trekta la shamba la jirani. Nimefungua pompi mwenyewe, karatasi yangu mkononi. Bolti, mrija, pete ya chuma. Pistoni haikutaka kutoka, nikaivuta kwa koleo. Kupele zimetoka zimevimba, laini, hazina tena umbo. Kumbe ndiyo maana freni zilijishika: zimeziba tundu la kurudishia huile, magurudumu yakapata moto hadi huile ikachemka na pedali ikawa tupu.

Nimefurahi. Niandike ukweli, nimefurahi. Sasa nina ushahidi.

Lakini mimi ni mwalimu. Sitaki mtu aseme nimependelea. Nimechukua zile kupele tatu za magurudumu zilizobaki mezani, za duka lile lile, mpira ule ule. Nimezichora duara zake kwenye daftari kwa kalamu ya risasi. Nimeweka glasi tatu dirishani. Ya kwanza: huile ya Bauma, ile chupa iliyofunguliwa. Ya pili: huile ya chupa yangu mpya, iliyofungwa, niliyoiagiza tena Sake. Ya tatu: mafuta ya ng'ombe, yawe kipimo cha kitu safi. Kila glasi kupele moja.

Jumapili nitazibeba kanisani, wazione wenyewe. Gaspar anapiga makofi. Tayari ameshawaambia watu watatu.

Alhamisi, 24 Julai

Hakuna badiliko ninaloliona. Glasi haziguswi. Nimemkataza mama mkwe hata kufagia karibu nazo.

Ijumaa, 25 Julai

Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu sikuitazama sana, sina sababu ya kuitazama.

Jioni niliitazama. Nikaiacha.

Jumamosi, 26 Julai

Nimezitoa asubuhi kwa kijiko, nikazifuta, nikaziweka juu ya duara zake.

Kupele ya Bauma imelingana na mchoro wake. Ya chupa yangu imelingana.

Ya mafuta ya ng'ombe imevimba kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Imepita mstari pande zote. Nikiibonyeza, kidole kinaacha alama.

Nimekaa chini. Nimeipima tena. Nimeipima mara tano, kama mtoto anayeamini jumla itabadilika.

Ni mimi. Huile yake ilikuwa safi. Kupele zake zilikuwa nzuri. Aliniambia nitie huile ya freni tu, nisitie kitu kingine, na mimi nikatia, kisha nikamwambia ndiyo nimefanya ulivyosema. Nimemwogopa yeye, nikaharibu mimi, nikamshtaki yeye. Karibu nimuue Gaspar kwa mafuta ya kupaka watoto.

Gaspar amekuja mchana. Nimemwonyesha. Ameelewa haraka kuliko nilivyotegemea, si mjinga. Akasema mwaga. Akasema nikisimama kusema hili, kesho kila mtu wa mashamba atasema watu wa ng'ombe ni waongo, na watakuwa na neno langu mwenyewe mkononi. Akasema Bauma ni mtu mmoja, sisi ni ukoo.

Glasi bado ziko dirishani. Hakuna anayejua ila sisi wawili. Ningeweza kuzimwaga sasa hivi, na kesho niseme jaribio halikufaulu. Watu wangeamini, maana ni mimi.

Ninamchukia Gaspar kwa sababu anasema kwa sauti ninachokifikiria.

Jumapili, 27 Julai

Nimezibeba. Glasi tatu ndani ya kikapu, daftari chini ya kwapa. Njiani Gaspar alinipita bila salamu.

Wakati wa matangazo nilisimama. Nilianza na glasi ya kwanza kwa sababu sikuweza kuanza na jina la mtu. Kisha nikasema. Nimepaka mafuta ya ng'ombe. Niliambiwa nisiyapake. Niliulizwa, nikadanganya. Papa Bauma hakufanya kosa lolote, kosa lote ni langu, na niliyoyasema hapa Jumapili iliyopita nayarudisha.

Niliinua macho nimtafute. Benchi la tatu palikuwa na Mama Neema peke yake. Hakuinua kichwa. Kabla sijamaliza alisimama akatoka, taratibu, akishika kanga yake.

Nje mtu amenieleza. Bauma aliondoka Ijumaa. Amekwenda Itebero, Walikale, kwa shemeji yake, kutafuta pikipiki za kutengeneza. Kwa sababu hapa hakuna tena anayempa.

Siku mbili. Kama ningeitazama glasi ya tatu vizuri siku ya Ijumaa asubuhi, ningemwahi.

Wanawake wawili wa kwetu hawakunisalimia. Wanawake wa mashamba pia hawakunisalimia. Kwa hilo pande mbili zimekubaliana.

Alhamisi, 31 Julai

Simu ya Bauma haipatikani. Huko msituni mtandao ni wa bahati. Nimeandika barua. Nimeanza mara sita. Mara zote nilikuwa ninaeleza sana: chupa, pete ya kifuniko, maharagwe ya mwezi wa tano. Nikachana. Ya mwisho ina mistari mitano. Kosa ni langu. Nilikudanganya. Nimesema mbele ya wote. Jina lako ni safi. Rudi nyumbani.

Nimempa dereva wa pikipiki anayekwenda Walikale. Kutoka pale itabebwa na mtu kwa miguu. Nimemwomba aikunje ndani ya plastiki.

Nimekwenda pia kwa Mama Neema. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilisema niliyokuja kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Mwalimu. Nimesikia." Akarudi kwa maharagwe yake. Nilistahili ukali zaidi ya huo.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna jibu.

Maziwa yanateremshwa kwa pikipiki sasa, bido mbili mbili, na yanayobaki tunatengeneza fromaji, jibini yetu. Ghala limejaa. Familia zimeanza kuniuliza Landrova lini. Nimesema sijui. Gaspar amependekeza fundi mwingine kutoka Sake. Nimemwambia akimleta uani kwangu nitamfungulia mbwa wote wawili. Hatuna mbwa hata mmoja. Ameelewa hata hivyo.

Gereji imefungwa kwa mnyororo. Watu wanasukuma pikipiki zao hadi Sake, wa pande zote, na wote wananilaani. Wana haki.

Jumanne, 12 Agosti

Bauma amerudi.

Nimekutana naye njia panda. Amekonda, miguu imechubuliwa na viatu vya mtu mwingine. Amenisalimia kwanza, vizuri, kama siku zote, ameuliza afya ya mama mkwe. Nimesema nisamehe, palepale barabarani, na kina mama wauza viazi wakisikiliza.

"Barua ilifika," amesema. Kisha akaniuliza kama pompi bado iko wazi au nimeifunga. Bado iko wazi, nikasema. Amesema Alhamisi atakuja, ataleta kupele mpya.

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Amefika saa mbili, na Mama Neema nyuma yake na kapu la maharagwe. Nilidhani amekuja kunisalimia. Nimefurahi, nimetoa kiti kizuri. Amekataa kiti. Ameweka kigoda chake karibu na meza, pale palipokuwa na kupele mpya, akaanza kubambua maharagwe.

Bauma amesafisha pompi upya. Ameosha mirija yote, maana mafuta yangu yalikuwa yameenda hadi kwenye magurudumu. Kazi ya siku nzima. Mchana alikwenda njia panda kutafuta spana iliyosahaulika. Nilisogea mezani kuchukua vikombe vya chai, na mikono ya Mama Neema ikasimama. Aliitazama mikono yangu karibu na zile kupele, maganda ya maharagwe mapajani, mpaka niliporudi nyuma. Kisha akaendelea kubambua.

Ndipo nikaelewa alikuja kulinda nini.

Nimerudisha vikombe jikoni. Nimechukua kiti changu, nikakisogeza upande wa pili wa ua, kwenye jua, mahali anaponiona vizuri. Nimekaa hapo hadi jioni, mikono juu ya magoti.